Swali la Arobaini na Moja

Zimebaki siku tatu kabla mkaguzi hajafungua kamera yake
nasi kufungua yetu.
Hapa Duluth ziwa limeganda hadi kwenye gati,
na huku ghorofani, juu ya lililokuwa duka la fundi viatu,
duka letu la dawa lisilo na mlango wa wateja
linapigwa deki kana kwamba kuna atakayekanyaga sakafu.

Lorna Wuori, mfamasia, anasoma leseni kwa sauti,
jimbo baada ya jimbo, kama mwalimu anayeita majina:
Minnesota, ipo. Wisconsin, ipo.
Dakota Kaskazini inaisha Machi, andika pembeni.
Pheng anabadilisha nywila za watu wote,
hata ya yule kijana aliyeacha kazi Septemba,
kumbe bado alikuwa na ufunguo wa nyumba tusiyoiona.
Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Mimi kazi yangu ni maneno.
Nilikuwa karani wa kiwanda cha karatasi;
sasa naijaza ile niliyokuwa naihesabu.
Sera ya Faragha, kurasa kumi na nne:
nani aone jina la mgonjwa,
nani aone ugonjwa wake,
nani asione kitu ila uzito wa kifurushi.
Nimeandika "mara moja" pale tulipozoea kusema "tukipata nafasi".
Nimeandika "daima".
Nikalitazama hilo neno. Nikalifuta.

Daftari la jokofu limekamilika:
nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne,
asubuhi na jioni, hata Krismasi.
(Pheng alikuja na mabuti ya theluji, akaandika, akarudi kula.)

Kisha swali la arobaini na moja:
Elezeni tukio moja ambapo huduma yenu ilimwangusha mgonjwa,
na mlichobadilisha.

Tunayo majibu mawili.
La kwanza ni safi: lebo iliyochapwa mara mbili,
ikaonwa kabla ya kutoka, hakuna aliyeumia.
Lorna anasema litatosha. Anasema akiangalia kikombe.

La pili lina jina, ingawa fomu haitaki majina.
Januari iliyopita, kaskazini, ng'ambo ya Ely,
tarishi aliacha kifurushi kibarazani kwa Arvo Kettunen,
akapiga picha, na mfumo wetu ukaandika kwa kijani: kimefika.
Siku mbili nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Insulini ikiganda kisha ikayeyuka hurudi na sura ileile,
maji yaleyale machoni, nguvu ndiyo iliyokwenda zake.
Mzee aliiingiza ndani, akajidunga, akaamini;
siku sita akijidunga imani tupu.
Alitupigia. Mashine ikamwambia: wewe ni wa tisa kwenye foleni.

Yu hai. Alilazwa siku kumi na moja,
na bado ananunua kwetu,
kwa sababu duka la karibu naye lilifungwa
na linalofuata ni saa mbili kwa gari, njia ikipitika.

Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Ila maradhi haya si yetu, ni ya Arvo;
tukiyaficha sisi, ataumbuliwa yeye.

"Na wakitunyima?" anauliza Lorna.
Benki inasubiri ile nembo. Bima inaisubiri.
Kodi ya chumba hiki haisubiri chochote.
Pheng hajibu. Anaweka mezani kibandiko kimoja,
kile cheupe kinachogeuka zambarau dawa ikiganda,
tulichoanza kukibandika Februari,
senti themanini kila kimoja,
na hatukumwongezea mtu bei.

Saa tano usiku. Gari la kuzoa theluji linapita, taa zake zinazunguka darini.
Kisanduku cha jibu kinakubali maneno mia mbili na hamsini.
Naanza: Kifurushi kilifika.
Nafuta.
Naandika: Tuliandika kwamba kimefika.

Lorna anavuta kiti, anakaa.
"Weka na foleni," anasema. "Wa tisa.
Usiandike 'simu zilikuwa nyingi'."